Shibe isiyojenga: unene na udumavu chini ya paa moja

Ripoti ya utafiti wa afya na idadi ya watu ya mwaka 2022 nchini Tanzania ina takwimu mbili ambazo tumezoea kuzisoma mbalimbali. Ya kwanza inahusu watoto: kati ya kila watoto 100 walio chini ya miaka mitano, 30 wamedumaa, yaani ni wafupi mno kwa umri wao. Ya pili inahusu mama zao: zaidi ya theluthi moja ya wanawake watu wazima wana uzito uliozidi au kiribatumbo, yaani unene wa kupindukia. Ya kwanza hupelekwa kwenye semina za lishe ya mtoto, ya pili kwenye kliniki za kisukari na presha. Ni nadra kumsikia mtu akiuliza kama wanawake hao na watoto hao wanapakuliwa kutoka sufuria moja.

Nashikilia kwamba mara nyingi ndivyo ilivyo, na kwamba tutaendelea kutumia fedha vibaya mpaka tukubali kuwa unene wa mama na udumavu wa mtoto wake vinatokana na chakula kilekile: kingi, cha bei nafuu, kinachojaza tumbo na kuuacha mwili na upungufu.

Tuanze na mikoa ya Nyanda za Juu Kusini, maana huko ndiko fikra zetu kuhusu njaa zinakoshindwa. Iringa, Mbeya, Rukwa na Ruvuma zimehesabiwa kwa miaka mingi kuwa ghala la taifa. Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula hununua mahindi Makambako, Songea na Sumbawanga ili kulisha mikoa yenye ukame. Mvua huko haisumbui, viazi vipo, maharage yapo, chai ipo. Lakini utafiti huo wa 2022 uliikuta Iringa ikiongoza nchi nzima kwa udumavu, zaidi ya nusu ya watoto wake wakiwa wamedumaa, ikifuatwa na Njombe na Rukwa ambako hali ilikuwa karibu nusu kwa nusu. Mikoa mikavu ya kati, ambayo kila mara tunaiombea chakula cha msaada, ilikuwa na afadhali.

Inaniuma zaidi nikikumbuka kwamba Iringa si mkoa uliosahauliwa. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, UNICEF na Shirika la Afya Duniani, kwa fedha za Italia, walianzisha huko mradi wa lishe katika vijiji 168. Watoto walipimwa uzito kijijini, wanakijiji wakakaa chini kujadili kwa nini fulani hakui, kisha wakaamua wenyewe la kufanya. Utapiamlo mkali ulipungua sana. Kutokana na kazi ile ndipo UNICEF ilipochora, mwaka 1990, mfumo wa kueleza visababishi vya utapiamlo ambao hadi leo hufundishwa vyuoni duniani kote: chakula, magonjwa na matunzo ya mtoto, na nyuma yake umaskini, muda wa mama na nani ana sauti juu ya fedha. Dunia ilijifunza kutoka Iringa. Mradi ukaisha, vikao vya vijiji vikafifia, na watoto wa Iringa wamebaki mkiani.

Sababu zake ukiwauliza wahudumu wa afya wa huko hazina miujiza. Msimu wa kilimo mama huondoka alfajiri na kurudi jioni. Mtoto wa mwaka mmoja huachwa na dada yake mwenye miaka minane, na uji mwepesi wa mahindi uliopikwa asubuhi. Tumbo lake ni dogo kama ngumi. Uji wa maji mengi hulijaza haraka, naye hulala akiwa ameshiba. Maharage yaliyovunwa yamepakiwa kwenye gunia kwenda sokoni, mayai yamekusanywa kwa ajili ya kuuza, na mahindi yakishapimwa, fedha huingia mfuko ambao si wa mama. Mtoto huyu hana njaa kwa maana tuliyoizoea. Halii njaa, hakukonda, tumbo lake liko mbele. Mwili unaopewa wanga mwingi bila protini, madini ya chuma na zinki ni kama fundi aliyeshushiwa malori matatu ya mchanga bila mfuko wa saruji hata mmoja.

Udumavu una ubaya wa kujificha. Ukondefu kila mtu anauona, nao kitaifa uko chini, kama watoto 3 kwa kila 100. Mtoto aliyedumaa akiwa peke yake huonekana mzima, mdogo tu. Ndugu watasema amefuata ufupi wa baba yake. Maelezo hayo yangekuwa na uzito kama si utafiti ambao Shirika la Afya Duniani liliufanya kati ya 1997 na 2003 katika nchi sita: Brazili, Ghana, India, Norwei, Oman na Marekani. Walichukua watoto walionyonyeshwa vizuri, wenye chakula cha kutosha na mazingira safi, wakawapima urefu. Hadi miaka mitano, mtoto wa Muscat, wa Accra na wa Oslo walikua karibu sawasawa. Kwa hiyo nusu ya watoto wa mkoa mzima wakiwa wafupi kuliko kipimo hicho, asili yao haihusiki. Kuna kitu wamenyimwa.

Sasa twende mjini, maana mama huyu wa Nyanda za Juu anaweza kuwa na dada yake Dar es Salaam, Mbagala au Manzese, na dada huyo amenenepa. Amka naye asubuhi. Chai ya rangi yenye sukari vijiko vitatu, na maandazi mawili au chapati. Mchana ugali wa sembe, mchuzi, na kipande cha samaki wa kukaanga ambacho anagawana na watoto. Jioni, kwa kuwa mkaa ni ghali na amerudi amechoka, chipsi za kibandani, na kama siku imekuwa nzuri, chipsi mayai. Mafuta hununuliwa ya kupima, sukari ya kupima, unga wa ngano wa kupima. Hivyo vitatu, mafuta, sukari na ngano, ndivyo vinavyotoa nguvu nyingi kwa fedha kidogo zaidi katika duka lolote la uswahilini. Maziwa, mayai, samaki na matunda vinataka fedha ambayo hana.

Haikutokea kwa bahati. Tangu soko lilipofunguliwa miaka ya 1980 na 1990, mafuta ya mawese kutoka Malaysia na Indonesia yameingia kwa wingi, kwa sababu alizeti ya Singida na Dodoma haitoshi na mara nyingi huuzwa ghali kuliko yale ya melini. Mafuta ya bei nafuu ndiyo yaliyozaa kibanda cha chipsi kila kona. Barry Popkin, mchumi wa Marekani aliyeanza kueleza mabadiliko haya ya ulaji miaka ya 1990, alionyesha jambo hilohilo katika nchi nyingi zinazoendelea: zamani ulaji wa mafuta ulipanda pamoja na kipato, siku hizi hata nchi maskini inakula mafuta na sukari kwa viwango ambavyo zamani vilikuwa vya matajiri.

Kuna na sembe, ambayo naona inasemwa kidogo kuliko inavyostahili. Mahindi yakikobolewa, kiini na ganda huondolewa, na pamoja navyo huondoka nyuzinyuzi, mafuta ya asili na sehemu kubwa ya vitamini za kundi B na madini. Unga mweupe unabaki kwetu, pumba zinakwenda kwa ng'ombe na kuku. Dona tumeipa hadhi ya chakula cha jela na shule za bweni. Serikali ilitunga kanuni za kuongeza virutubishi kwenye unga na mafuta mwaka 2011, na viwanda vikubwa vya ngano viliitika, lakini mahindi ya nchi hii husagwa kwenye maelfu ya mashine ndogo za mtaani na vijijini ambazo hazina kifaa wala sababu ya kibiashara ya kufanya hivyo. Wanaokula sembe zaidi ndio ambao kanuni haikuwafikia.

Dada huyu wa Mbagala ananenepa, na wakati huohuo ana upungufu wa damu. Hili halipingani. Mwaka 2022 wanawake 42 katika kila 100 wa umri wa kuzaa walikuwa na upungufu wa damu, na kwa watoto wadogo hali ilikuwa mbaya zaidi, karibu 6 katika kila 10. Nguvu anazo za kuzidi, chuma hana. Akipata mimba, mtoto tumboni hurithi upungufu huo, kisha anazaliwa katika nyumba ambayo chakula cha kumlikiza ni uji mweupe wenye sukari. Hivyo ndivyo mama mnene na mtoto aliyedumaa wanavyoishi chumba kimoja bila mmoja kumnyang'anya mwenzake chakula. Guatemala imefika mbali zaidi katika njia hii: vipimo vya 2014 na 2015 vilikuta karibu nusu ya watoto wadogo wamedumaa na zaidi kidogo ya nusu ya wanawake wana uzito uliozidi.

Wakati mwingine hali hizi mbili hukutana ndani ya mtu mmoja, zikipishana miaka tu. Majira ya baridi ya 1944 kwenda 1945, jeshi la Wajerumani lilizuia chakula kuingia magharibi mwa Uholanzi, na watu wakafa njaa katika nchi iliyokuwa na kumbukumbu nzuri za hospitali. Mwaka 1976 watafiti walichapisha matokeo ya vijana wa kiume waliopimwa wakiwa na miaka 19 kwa ajili ya jeshi. Wale ambao mama zao walipata njaa katika nusu ya kwanza ya ujauzito walikuwa na unene wa kupindukia kuliko wenzao. Baadaye David Barker wa Uingereza akafuatilia watu waliozaliwa Hertfordshire mwanzoni mwa karne ya 20 na kukuta waliozaliwa na uzito mdogo walikufa zaidi kwa magonjwa ya moyo. Huko Pune, India, daktari Chittaranjan Yajnik alipima vichanga waliozaliwa wadogo na kuona kuwa udogo wao ulikuwa wa misuli, mafuta waliyahifadhi.

Mwili uliofundishwa uhaba tangu tumboni hubana matumizi. Hujenga misuli michache na figo zenye vichujio vichache, kongosho nalo hudhoofika. Mtu huyo akihamia mjini akiwa na miaka 25, akakuta soda, chipsi na kazi ya kukaa, mafuta hujikusanya tumboni haraka na kisukari humpata mapema, pengine akiwa hata hajanenepa sana. Utafiti wa kitaifa wa 2012 ulikuta kisukari kwa watu 9 katika kila 100 wenye miaka 25 hadi 64, na shinikizo la juu la damu kwa takriban mmoja kati ya wanne. Wengi wa watu hao walizaliwa na kulelewa wakati ambapo udumavu wa watoto wetu ulikuwa mkubwa kuliko leo. Bado tunauona udumavu na kisukari kuwa mambo ya vyumba viwili vya hospitali vyenye wagonjwa wawili tofauti.

Kwa hiyo siwezi kukubaliana na wanaosema tumalize kwanza udumavu, unene tutaushughulikia tukishatajirika. Jirani zetu wametuonyesha matokeo. Kenya imefanya kazi ambayo tunapaswa kuionea wivu: udumavu ulishuka kutoka 26 katika kila 100 mwaka 2014 hadi 18 mwaka 2022. Katika muda huohuo wanawake wenye uzito uliozidi walipanda kutoka theluthi moja hadi 45 katika kila 100. Na mwaka 2025 UNICEF ilitangaza kuwa, kwa mara ya kwanza duniani, watoto wa umri wa shule na vijana wenye kiribatumbo wamezidi wale wenye uzito pungufu. Afrika Kusini mwa Sahara na Asia Kusini ndizo pekee zilizobaki nyuma ya mstari huo. Tuna miaka michache ya kuamua tutauvuka namna gani.

Chile walijifunza kwa gharama. Waliupunguza utapiamlo wa watoto kwa maziwa na vyakula vya bure, kisha wakaendelea kugawa chakula kilekile kwa watoto ambao hawakukihitaji tena, mpaka wataalamu wao wenyewe wakaonya kwamba mipango ya lishe inanenepesha. Mwaka 2016 nchi hiyo ikaweka alama nyeusi mbele ya pakiti zenye sukari, chumvi au mafuta ya kupindukia, na kuzuia vyakula hivyo kuuzwa shuleni. Afrika Kusini, kuanzia Aprili 2018, inatoza vinywaji vitamu kwa kila gramu ya sukari inayozidi 4 katika mililita 100, na watengenezaji wakapunguza sukari wenyewe kukwepa tozo. Ushuru wetu wa soda unahesabu lita. Chupa yenye sukari tele na ile yenye sukari kidogo zinalipa sawa, hivyo mtengenezaji hana sababu ya kubadili chochote. Kubadili hili hakuhitaji wafadhili. Ni kifungu cha sheria ya fedha ya mwaka mmoja.

Najua wapo watakaosema nawalaumu maskini kwa kula wanachomudu. Kinyume chake, naona lawama tunazomtupia mama ni dhuluma. Katika semina anaambiwa hajui kulisha mtoto; kliniki ya presha anaambiwa hajizuii. Hakuna anayemuuliza ana shilingi ngapi mkononi na saa ngapi za kupika. Tena unene wake una historia ambayo wataalamu wasiikanyage. Miaka ya 1980 na 1990, UKIMWI ulipokuwa hauna dawa, kukonda kulikuwa hukumu. Uganda ugonjwa wenyewe uliitwa "slim". Mtu aliyekuwa na mwili alikuwa na ushahidi wa afya ambao majirani hawangeweza kuupinga. Bado leo ukikutana na mtu baada ya muda mrefu, kumwambia amekonda ni kumtia wasiwasi, na bwana mwenye kitambi anasifiwa kwamba mke wake anamtunza. Huwezi kufuta kumbukumbu hiyo kwa bango la barabarani.

Vyakula vya kurekebisha hali hii tunavyo, ila vinaondoka. Dagaa wa Ziwa Victoria, anayeliwa mzima na mifupa yake, ni chuma na kalisi ya bei nafuu. Sehemu kubwa inaishia kwenye chakula cha kuku au inavuka mipaka. Mbaazi za Lindi na Mtwara zilikuwa zimetegemea mnunuzi mmoja, na India ilipoweka ukomo wa kuagiza mwaka 2017, bei ikaanguka na wakulima wakabaki na magunia ya protini wasiyojua pa kuyapeleka. Wakati huohuo shule za msingi zilikuwa zikiwapa watoto uji mtupu, au hazikuwapa kitu, nao wakinunua getini maandazi na juisi za rangi. Kungekuwa na utaratibu wa halmashauri kununua mbaazi, maharage na dagaa kwa ajili ya shule zake, mkulima na mtoto wangeokolewa kwa fedha moja. Ningependa tozo ya sukari iende huko moja kwa moja, ikiandikwa kwenye sheria, isimezwe na mfuko mkuu. Wasichana wa shuleni ndio walengwa wangu wa kwanza, kwa kuwa mwaka 2022 wasichana 22 katika kila 100 wenye miaka 15 hadi 19 walikuwa tayari wamezaa au wana mimba. Chuma cha mtoto wa kesho kiko kwenye sahani ya msichana huyo leo.

Tunayo pia nyenzo ya utawala ambayo nchi nyingi hazina. Taasisi ya Chakula na Lishe ilianzishwa kwa sheria mwaka 1973. Tangu 2017 wakuu wa mikoa wanasaini mkataba wa lishe, na mwaka 2022 Rais Samia Suluhu Hassan aliusaini nao upya. Mkataba ulizitaka halmashauri zitenge angalau shilingi 1,000 kwa kila mtoto aliye chini ya miaka mitano. Ni hatua ya kweli, na naiheshimu. Lakini shilingi 1,000 kwa mwaka haifiki bei ya mayai manne, na aliyehesabiwa katika fedha hiyo ni mtoto, wakati mama anayemlisha hayumo.

Basi mkataba ujao uanzie kliniki, siku mama anapompeleka mtoto. Leo mtoto hutundikwa kwenye mizani, uzito ukaandikwa kwenye kadi, na mara nyingi basi. Kibao cha kupimia urefu ama hakipo, ama kimeegemezwa ukutani kwa sababu foleni ni ndefu, na udumavu hauonekani bila kibao hicho. Mtoto apimwe urefu kila robo mwaka. Mama naye apande mizani, azungushiwe utepe kiunoni, apimwe damu na presha, siku hiyohiyo, na muuguzi yuleyule, vipimo vya wote wawili viandikwe kwenye kadi moja. Kisha takwimu za kata zisomwe kwenye mkutano wa kijiji au mtaa, kama zilivyosomwa katika vile vijiji 168, wanaume wakiwemo, ili swali la nani aliuza maharage na fedha ikaenda wapi lijibiwe mbele ya watu.